Kifuniko Kilichomfundisha Diwani

Sisi tuliokulia Mkolani kabla mabomba hayajatufikia tunamjua punda. Yeye ndiye aliyekuwa bomba letu. Asubuhi mikokoteni ilishuka ziwani, madumu yakigongana, na wenye punda wakipiga kelele kuliko punda wenyewe. Watoto wa leo wanafungua koki, na maji yakichelewa kidogo wananuna kama wamefiwa!

Sisi tulifiwa kweli. Baba alitangulia, mama akafuata, nikabaki dada mkubwa wa wadogo watatu, shule nimeiacha njiani. Tulirithi mkokoteni na punda mmoja, Diwani, aliyeitwa hivyo kwa sababu akishakaa mahali hakuna wa kumwondoa. Ukimchapa anakaza miguu. Ukimchapa tena analala chini.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo alikuja kutugawa, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba.

"Shikamoo baba mdogo," nikamwambia. "Tuache pamoja. Nitauza maji."

"Marahaba. Kwa punda gani? Huyu anayelala barabarani?" Akacheka. "Haya. Nitarudi siku ya mnada. Nikimkuta anavuta, mtabaki. Asipovuta, yeye mnadani, nyinyi kwa ndugu."

Jamani, siku zile! Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, tuliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kifuniko kikilia tak!, Diwani anageuza masikio na kuja mbio. Nikawaza: kwa nini nimchape akikosea, wakati naweza kumwambia akipatia? Nikachukua kile kifuniko, ukikibonyeza katikati kinalia. Akisogelea mkokoteni, tak! na kipande. Akikubali kufungwa, tak! na kipande. Akipiga hatua, tak! Ilibidi ubonyeze palepale. Ukichelewa atadhani unamsifu kwa kujikuna. Na kila mlio lazima ulipwe. Siku moja Kabula, kitinda mimba wetu, alibonyeza halafu akala kipande yeye. Diwani akagoma mpaka jioni!

"Na chai mnampikia?" majirani walituuliza, wakishika mbavu.

Siku ya mnada baba mdogo alisimama juu ya mlima, kamba ya kumfungia punda begani. Tulitoka ziwani, madumu yamejaa, Diwani anavuta kama trekta. Pale penye mawe makubwa, akasimama. Nikatia mkono mfukoni: michembe imekwisha! Nikamtazama Kabula. Shavu limevimba.

"Dada, bonyeza tu, atakwenda," Masanja, anayenifuata kwa kuzaliwa, akaninong'oneza.

"Sibonyezi bila kitu. Nikimdanganya leo, kesho hatatuamini."

Kabula akatoa kipande mdomoni, kimelowa mate, akakiinua juu huku machozi yakimtoka. Diwani akanusa. Akapiga hatua. Tak! Akakila, akakaza shingo, akapanda bila kusimama mpaka uani kwetu. Tulirukaruka, tulipiga vigelegele, Masanja akambusu punda kwenye pua!

"Mmempa dawa gani huyu?" baba mdogo akauliza.

"Michembe, baba mdogo."

Akatikisa kichwa, akaizungusha kamba yake mkononi, akaenda mnadani peke yake.

Juzi watoto wa wadogo zangu wamenionyesha kwenye simu farasi wa ng'ambo akifundishwa kwa kidude kinacholia na karoti. "Shangazi, mambo mapya haya!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Wao wenyewe simu ikilia tu, shingo zinageuka haraka kuliko ya Diwani, na hakuna hata anayewapa kiazi!

Lakini nikicheka hivyo, huwa nawakumbuka wenzangu. Masanja yuko Pasiansi, mwingine ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga, Kabula kaolewa mbali. Baba mdogo alishindwa kutugawa; kazi na ndoa zimeweza. Enzi zile tulilala wanne kwenye mkeka mmoja, tukigombea shuka. Leo kila mmoja ana kitanda chake na blanketi nene, na hakuna anayemvuta mwenzake shuka. Ningeweza, ningewarudisha wote kwenye mkeka ule usiku mmoja tu, wanipige mateke.