Maji ya Kuoshea Mtutu

Baruti iliyoungua ikikutana na maji hutoa harufu ya mayai viza. Wasichana wenzangu wa mtaa wetu wa Buyenzi walinukia mafuta ya nazi na udi wa mama zao. Mimi nilinuka mayai viza, vidoleni na kwenye upindo wa gauni, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia, na kazi ya kuosha mitutu alinipa mimi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Risasi mpya zilikuwa zimeadimika madukani, kwa hiyo wawindaji wenye kibali walimletea baba maganda matupu ayajaze upya. Kibanda chake kilibanwa na karakana mbili za magari, na nyundo za majirani zilianza kulia watu wakitoka tu msikitini alfajiri. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Sharti kubwa lilikuwa hili: ukitaka kujua baruti ya nani ni nzuri, kila moja ianze na mtutu safi, la sivyo utailaumu hii kwa uchafu ulioachwa na ile. Nikishaosha kwa maji, nilipitisha vitambaa kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, mpaka cha mwisho kitoke cheupe, kisha nikamwonyesha. Akikiona cheupe hakuuliza zaidi.

Wakati ule alikuwa na mwanagenzi mmoja, Mussa, kijana aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alimpa tupa. Mussa alilala palepale kibandani juu ya magunia. Mama yake alikuwa amebaki kule, na kila lori lililotoka mpakani alilikimbilia kuulizia habari zake, akirudi mikono mitupu na uso wa kujichekesha. Baba akamwahidi jambo: siku atakayojaza risasi zinazopiga pamoja, bila kutawanyika, atakuwa fundi kamili, apewe chumba cha uani, amlete mama yake. Tangu hapo Mussa alipima baruti kama mtu anayempimia mgonjwa dawa. Mimi alinitania kila nilipopita na ndoo yangu. "Zena, we ndo mukubwa wa hii kazi," alisema. "Sisi tunakusaidia tu." Nilimpenda, na nasema hivyo nikijua kinachofuata.

Siku ya kujaribu risasi za Mussa ilipangwa ndani ya Ramadhani, nami nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenilazimisha. Mama alisema nijaribu hadi adhuhuri tu, lakini mimi, kwa kiburi changu, nilikuwa nimeutangazia mtaa mzima kwamba nafunga mpaka magharibi kama watu wazima, na shangazi alikwishaanza kunishonea gauni la Idi kwa ajili ya sifa hiyo. Mteja, Mgiriki mwenye duka la vitambaa, alitupakia kwenye gari lake mpaka kwenye tambarare ya mto Rusizi, mahali ambapo joto hutoka juu na chini kwa pamoja. Baba alisimamisha ubao wenye duara lililochorwa kwa mkaa. Mimi nilikaa kando kwenye kivuli cha mgunga, pamoja na vitambaa vyangu na chupa kubwa ya maji iliyovikwa gunia bichi ili isipate moto. Kwanza zilipigwa risasi alizojaza baba. Nikaosha, nikaonyesha kitambaa. Kisha zikapigwa za dukani, chache alizobaki nazo mteja. Bunduki ikarudi kwangu nyeusi na ya moto, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Mussa.

Niliinua chupa nimimine mtutuni. Gunia lilikuwa la baridi mikononi. Nilijiambia nitasukutua tu kinywa, maana kusukutua hakufunguzi, na kabla sijamaliza kujidanganya nilikuwa nimekunywa maji yote yaliyobaki. Ninakumbuka yalivyokuwa matamu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Baba na wenzake walikuwa ubaoni wamenipa mgongo. Kusema maji yamekwisha ni kuulizwa yamekwenda wapi, na mtaa mzima ungejua. Nikapitisha kitambaa kikavu mara moja, kikatoka kama masizi, nikakifukia mchangani. Nikachukua kingine ambacho hakijaingia popote, nikakifinyanga kiganjani kipate mikunjo, nikampelekea baba. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Risasi za Mussa zilitawanyika. Moja ilipata duara, nyingine zilipita kushoto na juu, na ya mwisho haikugusa hata ubao. Mgiriki alicheka, na kicheko kile kilimchoma baba kuliko matusi. Mussa alinijia palepale mgungani, akachuchumaa. "Zena, bunduki uliisafisha muzuri?" aliniuliza kwa upole. "Ndiyo, niliisafisha," nikamjibu. Aliniangalia kidogo, akaamini. "Basi ni mi nilikosea kupima," akasema, akaenda kumwambia baba maneno hayohayo. Baba akatamka mbele ya mteja, "Baruti haina muchezo. Mutu asiyejua kupima ataua mwenzake. Huyu hagusi tena kazi yangu." Siku ya pili Mussa alipanda lori la kurudi mpakani, kulekule kwenye vita. Alinipungia mkono. Jioni ya Idi nilivaa gauni langu jipya, watu wakanisifu, nikasifika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua mpaka nikaolewa, nikazaa, mpaka baba akawa mzee wa kuogeshwa. Mussa hatukumsikia tena, na baba hakuchukua mwanagenzi mwingine. Alifanya kazi peke yake hadi macho yakamwisha. Siku moja, nikimkata kucha, nilimweleza habari ya maji. "Ya maji sikuijua," akasema. "Lakini bunduki niliisafisha mi mwenyewe ile jioni. Nikaona ule uchafu." Nikamuuliza kwa nini basi hakumrudisha kijana wa watu. "Nilikuwa nimeisha sema mbele ya muteja," akajibu. "Na we ulikuwa mutoto wangu." Nilimaliza kucha zake bila kumtazama usoni. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo, nikaondoka na wake pia.

Siku hizi mlio wa bunduki mjini mwetu hauna habari ya nyama ya porini, na hakuna baba angemshikisha binti yake mtutu. Karakana za Buyenzi zimejaa vijana wa kutoka ng'ambo kama zamani, wanalala juu ya magunia kama zamani. Gari likiharibika, wao ndio wa kwanza kutazamwa kwa lawama. Wanawake wa rika langu tukikutana Ramadhani kukunja sambusa, hawachoki kulalamika kwamba watoto wa leo ni waongo, hata kufunga wanafunga kwa kujificha na chupa; zamani mtoto akisema ndiyo, ilikuwa ndiyo. Kisha wananigeukia mimi, mkubwa wao, niwathibitishie. Nami nawaambia ndivyo ilivyokuwa.