Kidonge cha Asubuhi ya Upasuaji

Daktari wa usingizi aliniambia jioni, akiwa amesimama kando ya kitanda changu: "Babu, kesho asubuhi usimeze kile kidonge cha presha. Bega tutalipasua ukiwa umekaa, kama mtu kitini. Kidonge kinashusha presha, na dawa zangu nazo zinashusha. Damu itashindwa kupanda kichwani."

Niliitikia. Lakini alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu, na mimi tangu daktari wa kliniki anianzishie dawa sijaruka kidonge. Kule kijijini kwetu Kansay mimi ndiye ninayewagombeza wazee wenzangu wanaoacha wakijisikia nafuu. Kaka yangu aliacha, akapooza, akafa hawezi kusema. Kwa hiyo kulipokucha nilikimeza, kwa mate tu. Binti aliponiuliza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nikasema sijameza.

Bega lilikuwa limechanika joshoni tukiogesha ng'ombe, fahali aliponivuta kwa kamba niliyomshikia. Walinichoma sindano karibu na shingo, mkono wote ukafa ganzi, mwenyewe nikabaki macho. Kitanda kikaanza kuinuliwa upande wa mgongo. Binti akakaa karibu na sikio langu, macho kwenye mashine.

"Babu, una ng'ombe?"

"Nitakosaje?"

"Basi nitajie mmoja mmoja, na rangi zao. Usininyamazie. Ulimi ukiwa mzito nitajua kichwa kinakosa damu."

"Mweusi mwenye baka usoni," nikaanza. "Mwekundu, mama yake alitoka Nainokanoka. Wa kijivu, huyo mkorofi, anakamuliwa na mke wangu tu."

"Ng'ombe huyo anakujua wewe," akasema nesi, wakacheka.

Kitanda kikapanda tena. Nikamtaja mwekundu. Nikamtaja tena mwekundu. Nilijua kuna mwingine anafuata, nilimwona kabisa zizini, ila neno halikuja. Jasho la baridi likanitoka, sauti zao zikaenda mbali.

"Mlaze! Mlaze haraka!"

Nilipopata fahamu nilikuwa chali, miguu juu, binti akisukuma dawa kwenye mpira wa dripu.

"Babu, niambie ukweli. Kidonge?"

"Nilikimeza, mwanangu. Nikakudanganya."

Hakunigombeza. "Afadhali nimejua," akasema, akabadilisha dawa na kuongeza maji. Daktari wa mifupa akauliza kama waahirishe. Binti akamwambia wasubiri. Presha ikitulia wataendelea, isipotulia babu anarudi wodini. Wakanifunga miguu bandeji za kubana, damu isishukie huko. Presha ilipokaa sawa, wakaniinua kidogo, wakasimama, wakaangalia mashine, wakaniinua tena kidogo. Safari hii sikupotea. Ng'ombe wangu walipokwisha nikaingia zizi la jirani, nikawataja wake wote na kasoro zao, hadi nikasikia wanashona.

"Tumemaliza, babu. Kichwa kipo?"

"Kipo," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya vijana wale. Sikuona aibu.

Wodini nilimweleza mke wangu kila kitu.

"Yaani umemdanganya daktari huyu ili umtii yule wa kliniki?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye unayewafundisha wazee wenzako!"

Akanishikia kikombe cha chai, maana mkono ulikuwa bado umekufa ganzi, na akaendelea kunisema tangu funda la kwanza hadi la mwisho. Nikamsikiliza. Nilikuwa naelewa kila neno.