Jiko Moja

Nilifika miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili wa kike, bila kuwa na jiko langu mwenyewe. Sikuona kasoro. Kwetu, kijijini pale kwenye ghuba ya Tungue, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa kina mke. Mume wangu alikuja na begi lake na nyavu zake, akajenga nyumba upande mmoja wa kiwanja cha mama. Nyumba ya mama ilikuwa upande wa pili. Katikati palikuwa na banda la makuti, na ndani ya banda lile ndimo lilimokuwa jiko. Leo anapika mama, kesho napika mimi, chungu kimoja, tunakula. Sahani ya mume wangu ilipelekwa barazani kwake, maana mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Hilo kwetu halihitaji kufundishwa.

Jiko lenyewe lilikuwa la udongo wa kichuguu. Lilikuwa na matundu mawili ya kuwekea vyungu na mdomo mmoja wa kuingizia kuni. Mdomo uliangalia magharibi, ili kusi wala kaskazi isiingie moja kwa moja ikatoa moto nje. Mama alilijenga kwa mikono yake nikiwa bado nanyonya, na tangu hapo hakumruhusu mtu mwingine kulikandika.

Kazi zake zilikuwa zile zile kila siku. Asubuhi unakomba jivu, lakini hulimalizi. Unaacha kama vidole viwili chini, moto upate pa kukaa. Jivu ulilotoa hulimwagi ovyo: kuna la kusugulia sufuria, kuna la kwenye mchicha, kuna la chooni. Kuni zinakaa juu ya uchaga, juu kabisa ya jiko, zikaushwe na moshi wa kuni za jana. Mvinje ndio kuni. Mkorosho unawasha macho na unarusha cheche, huo ni wa kuchanganyia tu siku za shida. Unakoka kwa makumbi na vifuu, halafu kuni tatu, basi. Nikitia ya nne mama alikuwa akisema, "Haya, leo tutakula moshi." Na kila Ijumaa asubuhi, jiko likiwa limepoa kabisa, alikanda udongo kwa jivu na maji akapaka kila ufa kwa kiganja. Ukipaka likiwa bado na joto, udongo unabanduka hata adhuhuri haijafika.

Haya yote mikono yangu iliyajua. Mimi sikuwahi kuyafikiria.

Kisha ikaonekana gesi. Ilionekana huko baharini, chini kabisa, sisi wenyewe hatukuiona. Tulichoona ni magari, na watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa, na alama za rangi nyekundu kwenye minazi yetu. Tukaambiwa kijiji kitahama, na kila *agregado* itapewa nyumba ya saruji mahali pengine. Agregado kwa Kireno ni watu wa nyumba moja. Wanawahesabuje watu wa nyumba moja, hakuna aliyeuliza. Mpaka leo gesi hiyo sijachemshia hata chai.

Waandikaji walifika kwetu siku ya Ijumaa, mama mikono imejaa udongo. Walikuwa wawili: kijana mmoja wa kutoka kusini asiyejua neno la Kiswahili, ndiye mwenye kalamu, na mkalimani wake, mtu wa Mocímboa, mtu mzima mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni, mkono siwapi, mnauona ulivyo."

Walihesabu minazi, wakahesabu mikorosho, wakapima nyumba zote mbili kwa kamba. Kisha wakakaa mkekani. Nilikaa nao mimi, mama akaendelea na nyufa zake bandani. Majirani walikuwa wamesimama uani kutazama, kama wanavyosimama kila gari likisimama. Mkalimani akaniuliza, "Nyie hapa mnakula jiko moja, au kila mtu na lake?"

Sasa, kwetu swali hili haliulizwi hivi hivi. Mama na binti kuwa na majiko mawili katika kiwanja kimoja maana yake wamegombana mpaka hawapeani chakula. Ukisikia "wale wametenga jiko" unauliza nani kamtukana nani. Niliona kama ananitania mbele za watu, nikacheka.

"Aka! Kwani tumegombana? Jiko moja."

Mama akadakia kutoka bandani, "Moja, moja! Apike wapi huyo, hata chumvi hajajua kuweka!"

Watu wakacheka, mkalimani naye akacheka. Kijana wa kalamu hakucheka, alingoja atafsiriwe, kisha akaandika 1. Nilimwona akiandika. Nikawaletea madafu.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa skuli miezi kadhaa baadaye. Mimi nilifika darasa la saba, Kireno cha kusoma ninacho, kwa hiyo nilikwenda na mama nimsomee. Tulitafuta jina lake kati ya wakubwa wa nyumba, tangu juu mpaka chini. Hatukuliona. Nililiona la mume wangu, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Chini yake jina langu, chini yangu watoto, na mwisho kabisa mama, na pembeni yake wameandika *sogra*.

"Sogra ndiyo nini?"

"Mkwe."

"Mkwe wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Kiwanja changu. Minazi nimepanda mimi. Leo ndani yake nimekuwa mkwe." Hakusema kwa kelele, na watu waliokuwa karibu nasi walijifanya wanasoma majina yao. Tulirudi nyumbani akaosha mchele.

Nyumba mbili zilikuwa zimegeuka moja, na hiyo moja ni ya mume wangu. Mama yangu hakuwa na pa kulala. Alale chumba gani, mlango wa pili alale mkwewe, wapishane asubuhi na ndoo za kuogea? Haiwezekani. Mume wangu mwenyewe aliposikia aliinuka akaenda pwani, akarudi jioni. Na neno lililofanya hivyo nililitoa mimi, nikicheka.

Nilikwenda kwenye meza ya malalamiko. Alikuwapo dada mmoja, akanisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo.

"Dada yangu, agregado ni watu wanaokula jiko moja. Mlisema moja."

"Tulisema kwa heshima."

Akanitazama. Sidhani alielewa, na mimi sikujua kulieleza zaidi ya hapo. Aliandika kitu, akaniambia watu watarudi kuhakikisha. Wakikuta majiko mawili yanayofanya kazi, na vyungu viwili, watarekebisha.

"Lini?"

"Wiki mbili, tatu."

Basi ndivyo nilivyopata jiko langu. Mama aliposikia wiki mbili alitikisa kichwa. Jiko la udongo linataka mwezi mzima kivulini kabla ya kuona moto. "Litapasuka," alisema. "Lakini twende hivyo hivyo."

Tulichimba udongo kwenye kichuguu kile kile cha zamani. Tukauchekecha, tukachanganya na jivu na majani makavu yaliyokatwakatwa, tukaloweka siku tatu. Pa kupita moto tuliweka vipande vya mgomba, udongo ukakandikwa juu yake, ili ukianza kukauka mgomba unavutwa na tundu linabaki. Kwenye kukandika mama hakugusa. Alikaa kwenye kibao akinisimamia.

"Unakanda kama unaogopa kuchafuka. Kanda, wee!"

"Nakanda, mama."

"Hapo pamekuwa pembamba. Patapasuka hapo."

Ningesema nilifurahi kwamba hatimaye nina jiko langu, au nililia. Sikufanya lolote katika hayo. Nilihisi udongo kwenye kucha, basi. Tangu siku ya ule ukuta wa skuli mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi, na nikaona ni afadhali, maana kazi ilikuwa inakwenda.

Siku ya kumi niliwasha. Nilianza na vifuu vichache tu, moto mdogo, kama alivyoniambia. Mchana ufa ulitokea juu ya mdomo, pale pale pembamba, na moshi ukatokea huko badala ya kwenye matundu. Nilingoja lipoe nikapaka. Kesho yake ukafunguka tena. Nilipika hivyo hivyo, macho yananitoka, mume wangu akala wali wenye harufu ya moshi.

Na mama alipika kwake. Hilo ndilo lilikuwa gumu kutazama. Alikoka moto wake, akainjika kijichungu kidogo tulichokuwa tukipikia uji wa watoto, akala peke yake bandani ameupa mgongo upande wetu. Watoto wangu hawakuelewa, walikuwa wakienda huku na huku na sahani zao. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye jambo lako likimfikia asubuhi hadi adhuhuri limefika Quiterajo, alinikamata kisimani.

"Kulikoni, bibi? Mmetenga?"

"Mambo ya serikali hayo."

"Mh!" akasema. Hakuamini hata kidogo.

Mama naye alikwisha kuyasikia. Siku hiyo aliniambia tu, "Wakija tutasema tumetenga. Watasema watakayosema, nyumba nitapata." Tukakubaliana hivyo.

Walikuja wiki ya tatu, kabla ya adhuhuri. Kalamu ilikuwa na mtu mwingine, mkalimani yule yule wa Mocímboa. Walianza kwangu, wakatazama jiko, mkalimani akainama akaweka kiganja juu ya jivu kuona kama lina joto. Walifunua sufuria. Wakaenda bandani kwa mama, hali kadhalika. Yule wa kalamu alikuwa akitia alama moja baada ya nyingine, na nilijua kutokana na sura ya mkalimani kwamba mambo yanakwenda vizuri. Majirani walikuwa uani wote, na yule wa kisimani mbele yao.

"Mmetenga tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

Alama.

"Sababu?"

"Sababu gani?"

"Fomu inataka sababu, mama. Mwanzo mlisema moja, sasa mawili. Binti alikukosea nini?"

Hilo hatukuwa tumejiandaa nalo. Mama alifuta mikono kwenye kanga, na haikuwa na kitu cha kufuta. Aliwatazama watu uani. Kisha akanitazama mimi.

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tayari kabisa mdomoni: nilimjibu vibaya, nilimtukana, ni mimi mwenye makosa. Ni uongo mdogo, na kijiji kizima kingeuamini, maana ulimi wangu wanaujua. Kilichohitajika ni niseme tu, kwa sauti, mbele ya wale watu, kwamba mimi ni mtoto aliyemtukana mama yake.

"Hajanikosea kitu," mama akasema.

Mkalimani alishusha sauti. "Mama, sema lolote. Hata dogo."

"Niseme mwanangu ananitukana? Iandikwe, ipelekwe Maputo ikasomwe? Huyu tangu nimzae hajanikosea. Andika moja."

"Mama..."

"Andika moja, baba. Usinisemeshe zaidi."

Mkalimani alinigeukia. Alinipa muda, nitamshukuru siku zote kwa hilo, alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotaka kuuliza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nilitazama ufa wangu unavyotoa moshi. Niliona haya. Nikisema ilikuwa kitu kingine nitakuwa najidanganya: niliona haya mbele ya jirani wa kisimani. Yule wa kalamu akakata alama zote, akaandika, wakaaga.

Siku ile mama alipika wali kwa kitoweo cha tui, chungu kikubwa, akapakua kwenye sinia akaniita.

"Abee."

"Njoo ule."

Nilikula. Alinisogezea minofu upande wangu kama anavyofanya siku zote, na hatukuzungumza habari ile tena. Wala siku ya kuhama hatukuizungumza. Mume wangu alisema yeye atalala nje, nyumba iwe ya mama, mama akamwambia asimtie dhambini. Sisi tulipanda lori na vitanda vyetu. Mama alifunga kasha lake la nguo, akavuka Ruvuma kwenda kwa mdogo wake.

Nyumba tuliyopewa ni nzuri. Ina vyumba vitatu na bati lisilovuja, na chumba cha jikoni chenye sakafu ya saruji, ila hakina pa kutokea moshi, kwa hiyo nimeweka mafiga nje. Wenzangu wa mtaa mpya wakiniuliza mama yangu yuko wapi, nasema amekwenda kutembea kwa mdogo wake. Wanasema, akirudi msalimie. Nasema zimefika. Huu ni mwaka wa tatu.