Siku Nilipomnyoa Akida

Enzi zetu, enyi wenzangu mliobaki, mwanamume hakujinyoa. Kunyoa ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja kashika wembe, mwingine kainua kidevu. Ukipita Alhamisi alasiri nyumbani kwa mjomba wangu Mfaume, njia ya kwenda Mtawanya, ungekuta wanaume wamejipanga kwenye gogo wakingoja zamu, ili Ijumaa wafike msikitini nyuso safi. Na maneno ya pale, we acha tu!

Naandika kwa jinsi ninavyokumbuka. Shule sikukaa sana, niliishia kwenye Kurani na hesabu kidogo, na umri nao unanichezea. Nikikosea pengine, mwenye kujua zaidi anisahihishe. Lakini habari ya kunyoa sibahatishi. Hiyo naijua.

Mjomba alikuwa na wembe wa mhunzi kama wanyozi wote, wa kunyolea vichwa. Wa ndevu ulikuwa mwingine. Huo alipewa na Mzungu mmoja wa magogo ya mikoko, kule delta, alipokuwa anarudi kwao. Ulikuwa na mpini, na makali yake yamebanwa kwa juu kama jembe dogo, mbele yake pana meno ya chuma ya kuyazuia yasizame nyamani. Watu walitoka hadi Mchukwi kuja kuuona. Wakasema, ah, kwa wembe huu hata kipofu atanyoa.

"Meno haya yanazuia wembe," mjomba aliniambia. "Hayamzuii mjinga."

Akanifundisha kwa papai bichi. Kwanza sabuni na maji ya moto, unasugua kwa brashi ya makumbi ya nazi yaliyopondwa, mpaka povu lisimame lenyewe. Unalipaka papai. Unalivuta ganda kwa kidole gumba, unauacha wembe uende kwa uzito wake, usiukandamize. Ukimaliza unalisuuza na kungoja. Papai likikatwa hutoa utomvu mweupe, hata kwa mkwaruzo usiouona kwa macho. Basi mjomba alichuchumaa akalitazama papai langu kama mganga anavyotazama bao.

"Umemwua," alikuwa akisema. "Lete mwingine."

Mama alikuwa anapiga kelele jikoni. "Kaka! Hilo papai ndiyo mboga yetu!"

"Utalimenya, dada. Sabuni haifiki ndani."

"Mboga ya ndevu! Nani atakula?"

Tulikula. Njaa ya wakati ule haikuchagua. Na ilifika siku papai likakaa kimya, halina hata tone, mjomba akanipa baba yangu nimnyoe. Baba alisoma shahada kabla sijaanza.

Ndipo vikaja vita vya Maji Maji. Vilianza milimani kwa Wamatumbi, na wengi wenu mnajua kuliko mimi. Ilisemwa ipo dawa ya maji, mtu akinywa au akinyunyiziwa, risasi ya Mdachi haimdhuru. Kama mjomba aliipata, sijui. Baadaye wapo waliosema aliipata na wapo waliokataa, wote watu wakweli. Mimi sikuona, na asiyeona asiape. Ninachojua ni amri iliyotolewa na akida wetu, aliyewekwa na Mdachi kututawala: atakayekutwa anagawa maji yale, kamba shingoni.

Sasa sikilizeni kosa letu. Mjomba alikuwa na desturi ya kulowesha vichwa vyote kwa pamoja, ili nywele zilainike wakati watu wakingoja. Alipita na kata mkononi, toka mwanzo wa gogo mpaka mwisho, anammwagia kila mtu utosini na kusema "Bismillahi". Alifanya hivyo miaka yote. Hakuna aliyefikiri kwamba amri ile ilituhusu. Sisi tulikuwa tunanyoa!

Alhamisi hiyo wakatokea askari wa akida. Hebu jiwekeni mahali pao: mnatoka kichakani, mnaona wanaume wameinama kwenye mstari, na mtu mmoja anapita anawamwagia maji vichwani huku midomo inamchezacheza. Siwalaumu sana. Hata mimi ningepiga kelele. Walimfunga mjomba mikono nyuma, wakachukua ndoo, kata na mfuko wa nyembe na sabuni, wakaondoka naye hadi barazani kwa akida. Mimi na baba tukawafuata tukilia.

Akida alikuwa mtu wa pwani, mnene, uso wake una makovu ya ndui. Ndevu zake zilikuwa za siku kadhaa, maana vita havikumpa nafasi.

"Maji ya nini haya?" akauliza.

"Ya kunyolea, Bwana Akida," mjomba akasema.

"Wote husema hivyo. Jana mmoja aliniambia ya kupikia."

"Ninyoe mtu yeyote hapa, bwana, utaona."

"Nikufungue nikupe wembe? Mimi mjinga?"

Mjomba akanitazama. "Basi mtoto huyu. Nimemfundisha mwenyewe. Kama kunyoa si kazi yetu, yeye kajulia wapi?"

Akida alinipima kwa macho, akacheka kidogo. Akavuta kiti. "Haya. Na maji yawe hayohayo ya ndoo. Damu ikinitoka, mjomba wako ananyongwa."

Askari wawili walirudi nyuma nilipochota, wasirushiwe tone.

Niliomba maji yapashwe moto. Wakayapasha. Nikasugua povu mpaka likasimama. Nilipolipaka shavuni nikaona, alaa, huyu naye ni papai, tena papai lenye mabonde. Penye kovu la ndui nilivuta ngozi mpaka ikalala. Nikateremka toka sikioni, taratibu, nikisuuza wembe kila mara. Shavu moja likaisha. La pili likaisha. Nikafika kooni.

Hapo akida akaanza kumwambia karani wake jambo, na koromeo likaanza kupanda na kushuka. Ulimi wangu ukatangulia akili: "Nyamaza, bwana. Usimeze mate."

Baba alifumba macho. Akida akanitupia jicho pembeni. Akanyamaza. Akainua kidevu zaidi.

Nilipomaliza alijipangusa, akatazama kitambaa huku na huku. Cheupe. Akajipapasa kooni.

"Kabla yangu ulimnyoa nani?"

"Baba, bwana. Na mapapai."

Alicheka mpaka tumbo likamtikisika. "Mfungueni huyu mwalimu wa mapapai. Na wewe, Mfaume, tangu leo lowesha kichwa kimoja, nyoa, ndipo uloweshe kingine. Nisisikie tena mstari!"

Mjomba alifanya hivyo hadi kufa kwake, na mimi baada yake. Akida yule alifanya mabaya mengi, siwezi kumsafisha. Siku ileile walikuwapo wengine wamefungwa pale, hawakupata mtu wa kuwasemea. Lakini la kweli niliseme: kati ya vita, na bunduki kila upande, alijilaza kwenye kiti, akaniachia koo lake.

Leo kila kijana ana wembe wake wa mashine mfukoni. Hana povu, hana maji ya moto. Anajikwangua kavukavu mbele ya kioo kama anaparua samaki, halafu analalamika vipele. Mjukuu wangu naye yumo. Asubuhi namsikia anajikata na kupiga yowe "Aah!", anatoka na vipande vya gazeti vimeganda kidevuni. Huwa namwambia, "Kaa hapa, mjukuu wangu, nikunyoe."

"Babu, mambo ya zamani hayo," ananijibu, na ni mtoto mwenye adabu, simsemi vibaya. Ana haraka, basi la Dar halimngoji. Anafunga kola, ananiaga, anakwenda. Nami nabaki kibarazani, nikijiuliza ni lini mara ya mwisho mtu aliinua kidevu mbele yangu akafumba macho.