Gando la Kaa na Mafuta ya Bi Mastura

Benchi la Bi Mastura lilikuwa fupi, la mbao za mwembe, na mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya makumbi. Lilikaa katika baraza ya zahanati yetu, nje kidogo ya Mambrui, naye alilikalia tangu mwaka 1965. Kabla yake alilikalia mama mkwe wake. Mganga wa meno alikuja kutoka Malindi mara moja kwa mwezi, tena kama gari lilikuwa zima. Siku zote nyingine mwenye jino linalomuuma alimkuta Bi Mastura na chupa yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya upili ya jirani. Wamisionari walionisomesha Kaloleni walinizoesha kusadiki kile kilichopimwa, na kwa miaka kadhaa nilimpita mama huyu kwa heshima tu, nikimwamkia na kwenda zangu. Kisha, wiki moja ya mitihani, gego langu likaniuma.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, Mwalimu. Leo waamkia kwa shavu moja?"

Alichukua gilasi ya maji ya bahari aliyoyachuja kwa kitambaa, akadondosha tone moja la mafuta ya karafuu, akatikisa mpaka maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Akachovya pamba, akaipachika kwenye jino langu, akaniambia nitaje moyoni majina ya wanafunzi wangu, mmoja mmoja. Nilipofika mwanafunzi wa thelathini na moja, shavu halikuwa langu tena. Maumivu yalikuwa yameondoka.

Mafuta yale aliyatengeneza nyumbani kwake. Alichemsha karafuu za Pemba katika chungu, mvuke ukagonga kifuniko alichokijaza maji baridi kwa juu, ukadondoka katika bakuli lililokaa ndani. Maji yalielea, na mafuta ya karafuu, kwa uzito wake, yakatulia chini. Aliyakusanya kwa unyoya wa kuku. Kazi ya siku nzima ilitoa kiasi cha kujaza kofia ya kalamu.

Mwanzoni mwa mwaka 1984 tulipata mganga mpya wa zahanati, Bwana Musyoka, kijana wa Ukambani, mchapakazi na msafi wa mavazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta baraza imejaa harufu ya karafuu na watu wanaocheka huku wameshika mashavu, akaona jambo lisilostahili nyumba ya tiba. Siku ya tatu alilichukua benchi, akaliweka nje juani, karibu na pipa la taka.

"Mama," alimwambia, "harufu nzuri humfanya mtu asahau kidogo. Hiyo si dawa. Kufikia Ijumaa naomba uwe umehama."

"Mwanangu, udi nao wanukia vizuri," Bi Mastura akajibu. "Mbona sijamuona aliyejifukiza udi akang'olewa jino bila kupiga ukelele?"

Watu wakacheka, lakini Bi Mastura mwenyewe hakucheka. Alipokuja kwangu jioni ile, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, wewe una vitabu. Mwambie huyu mtoto kwamba mimi si mwongo. Nikiondoka pale Ijumaa, nimeondoka na jina la mwongo."

Nilimwendea Bwana Musyoka nikamwomba jambo moja: tupime. Maumivu ni habari inayopita katika mshipa wa fahamu kama umeme mdogo. Ikiwa mafuta yanaizuia habari ile, tutaona kwa macho, katika mshipa usio na pua ya kunusa wala moyo wa kutumaini. Akakubali: Alhamisi, saa nne asubuhi, pale barazani, mbele ya watu. Mafuta yakishindwa, benchi liende.

Nilikusudia kutumia chura, kama nilivyofundishwa. Bi Mastura alikataa katakata.

"Dini yetu imekataza kumuua chura, hata kwa dawa. Sitaki benchi la namna hiyo."

"Basi tutumie nini?"

"Muulize Karisa. Gando la kaa, hata likiisha kukatika, hukubana kidole."

Karisa alikuwa mvuvi wa kaa wa mikokoni, na alinithibitishia: kaa akibanwa vibaya huliacha gando mwenyewe, akakimbia, na baadaye huota jingine. Hakuna wa kufa. Na maji yanayoufaa mshipa wa kaa ni maji ya bahari, yale yale ya gilasi ya Bi Mastura. Nilijiona mjinga kwa kutowaza hivyo tangu awali.

Alhamisi Karisa alileta magando mawili mabichi katika ndoo. Nilivunja gamba la sehemu ya juu ya gando la kwanza, nikaliondoa taratibu, ukabaki mshipa mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, umelala katika sahani ya maji ya bahari. Nilitia penseli kati ya meno ya gando. Nikagusa mwisho wa mshipa kwa nyaya mbili za betri ya tochi.

Gando likaibana penseli. Watu wakaruka nyuma.

"Lahaula!" akasema mmoja. "Kaa mwenyewe yuko mikokoni!"

Bi Mastura akatoa chupa yake, akatikisa gilasi, akachovya pamba, akaizungusha katikati ya mshipa. Tukangoja dakika kumi kwa saa ya Bwana Musyoka. Nikagusa kwa nyaya.

Gando likabana kwa nguvu ile ile.

Nikagusa tena. Likabana tena.

"Pole, Mama," akasema Bwana Musyoka, na nakiri kwamba hakusema kwa kejeli.

Bi Mastura alijifunika buibui lake usoni. Mimi nikaichukua ile pamba nikaigusisha mdomoni mwangu. Haikuwasha, wala haikutia ganzi. Ilikuwa tamu, laini, yenye harufu ya mawaridi.

"Bi Mastura, leo umetia nini humu?"

Akajibu kutoka ndani ya buibui. "Nimeyafanyia adabu kidogo tu. Mafuta ya nazi, na marashi ya mawaridi."

"Adabu?"

"Mkubwa anakuja kuonja kazi yangu, nimpe kitu kikali, chenye kuunguza? Mgeni hupokewa hivyo?"

"Na wagonjwa je, huwatilia nazi?"

Akalifunua buibui, akanikazia macho. "Mgonjwa ameingia ugeni lini, Mwalimu?"

Hapo nikaelewa. Karafuu hupenda mafuta kuliko maji. Ile nazi ilikuwa imeikumbatia, haikuiachia imfikie mwenye shida. Nilimweleza Bwana Musyoka, na Karisa akainua ndoo: gando la pili lilikuwamo bado.

"Moja tu," akasema Bwana Musyoka. "La mwisho."

Bi Mastura hakutembea kwenda kwake. Alikimbia, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, viatu mkononi. Alirudi na chupa ndogo iliyozibwa kwa nta, akanikuta nimekwisha kuliandaa gando la pili, na likiguswa linabana penseli. Tone moja, maji ya bahari, gilasi ikawa nyeupe. Pamba. Dakika kumi.

Nikagusa. Penseli haikubanwa. Nikagusa tena, nikabonyeza. Kimya.

"Umeliua," akasema Bwana Musyoka kwa haraka. "Hiyo ni sumu tu."

"Ngoja, Daktari." Nikazisogeza nyaya, nikagusa mshipa chini ya pamba, upande wa gando. Likabana penseli hata ikapasuka rangi. Nyama ilikuwa hai. Na mshipa chini ya pamba ulikuwa hai. Ni pale penye pamba tu ambapo habari ilifika ikakuta vijilango vya mshipa vimefungwa.

Kisha nikaiondoa pamba, nikamwaga maji, nikauosha mshipa kwa maji mapya ya bahari mara tatu. Tukangoja nusu saa, hakuna aliyeondoka. Nyaya nikampa Bwana Musyoka mwenyewe. Akagusa mwisho kabisa wa mshipa, mbali na gando.

Gando likabana.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika sokoni, na wagonjwa wawili wa malaria waliinuka vitandani kuja kutazama. Karisa alikuwa akimweleza kila mtu kwamba kaa ni wake. Bwana Musyoka alisimama akiitazama ile penseli. Halafu akatoka juani, akaliinua benchi mwenyewe, shati lake jeupe likachafuka kwa vumbi, akalipitisha katika baraza bila kusimama, akaingia nalo ndani, katika chumba cha sindano.

"Wagonjwa wa jino utawaona hapa, Mama," akasema. "Na ukiona shavu limevimba, niite."

Bi Mastura alilitazama benchi, akamtazama na mganga.

"Umeligeuza, mwanangu," akamwambia. "Mguu wa kamba hukaa ukutani."

Akaligeuza.