Kompyuta Juu ya Uchaga

Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imeshachoka. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazima papo hapo, na hapa Nyakakika umeme hauagi. Hata hivyo ndiyo niliyoanzia ukurasa wangu wa hadithi mtandaoni: kila Ijumaa sehemu moja, bure kwa yeyote anayetaka kusoma. Hadithi ilihusu ndugu wawili wanaogombea kibanja cha marehemu baba yao, migomba na mibuni yote. Nilishaandika sehemu kumi na moja. Tatu zilikuwa zimeshatoka, na watu nisiowajua wakawa wananiuliza nini kitatokea. Jamani, nilikuwa natembea kichwa juu kama diwani.

Nane zilizobaki zilikuwa ndani ya kompyuta, na si mahali pengine popote. Najua. Nimeshajitukana vya kutosha.

Jumatano moja nikaenda gulioni. Mvua ikapiga, bati likavuja, maji yakadondokea mezani kwangu. Mama, ninayeishi naye, akaikuta kompyuta imelowa chapachapa. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa huku hukifanya kwa kitu asichotaka kioze: akaipeleka jikoni, akaiweka kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, kati ya maharage ya mbegu na mkungu wa ndizi tunazoivisha, kisha akachochea kuni. Niliporudi alinipokea kwa furaha, akaniambia ameniokolea kompyuta yangu.

Plastiki ya chini ilikuwa imejikunja. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha mpaka kidole kikauma. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mama mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia hajui kitu, na kwamba asiguse tena chochote changu. Alikaa chini akaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake nikapanda gari hadi Rubwera kwa fundi mmoja. Akaifungua, akanusa, akaniuliza kwa upole kama tulikuwa tunabanika samaki. Nilitaka kucheka nikashindwa. Akahangaika nayo karibu saa mbili, mwisho akasema niandike upya, maana diski haitoi kitu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyong'onyea. Ijumaa ilikuwa kesho. Nilikaa jikoni na simu mkononi, nikitafuta maneno ya kuwaaga wasomaji wangu. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamwomba msamaha, na machozi yalinitoka bila kuyaita. Yeye akaniuliza tu hicho kilichoungua kilikuwa kinasema nini.

Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kufikiria kumweleza. Basi nikamsimulia, kwa Kinyambo, maana ndiyo lugha yetu ya jikoni. Nilishangaa jinsi nilivyoikumbuka yote. Sehemu mbili nilizojisifia sana niliziruka, kwa kuwa nilipoanza kuzitamka kwa mdomo zilinichosha mwenyewe. Mama alisikiliza huku akitupa mawe pembeni. Nilipofika pale ndugu wanapopelekana baraza la kata, akanisimamisha.

"Hao vijana mama yao amekufa?"

Nikasema hapana, yupo, anaishi humo humo kibanjani.

"Na anasema nini?"

Nilianza kupitia sehemu moja baada ya nyingine kichwani. Mama wa wale ndugu alikuwa amepika, amewakaribisha wageni, amelia msibani. Katika sehemu zote kumi na moja sikuwa nimempa neno hata moja. Nilihisi aibu iliyonishika hadi masikioni.

Nikamuuliza yeye angesema nini. Mama aliweka ungo chini, akafikiri. Marehemu baba yangu alimwacha na kibanja na watoto, na najua ni nani aliyekuja kutaka kukipima kabla ya matanga kuisha. Hilo hatujawahi kulizungumza.

"Andika kwamba ile mibuni ya upande wa chini niliipanda mimi," akasema. "Nilikuwa na mimba yako."

Niliandika kwa kidole gumba, kwenye simu, pale pale kando ya moto, na Ijumaa sehemu ya nne ikatoka.