Mti wa Nerida Pascoe

Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, Nerida Pascoe, hakuwa mtu wa kuhurumia wanyama. Ndama aliwauza bila kugeuka nyuma, na sungura aliwapiga risasi kabla ya chai. Lakini hakuna alichokichukia kama ule mwilo, mti wa kigeni ulioziba kijito na kusukuma maji yamomonyoe malisho yake ya bondeni. Kuung'oa kulihitaji katapila la ushirika, nalo huenda kwa zamu. Ukiikataa zamu yako, unarudi mwisho wa foleni.

Zamu yake ikafika mwezi wa kumi na moja. Majirani tulikuja na misumeno, skonzi na jamu, kama desturi. Tukamkuta kasimama mbele ya mti, mikono kiunoni.

"Haung'olewi leo."

Kaka yake, Lindsay, akaangua kicheko. "We Nerida, umeota? Mti umekutesa tangu mama yu hai, leo unaulinda?"

"Pana platipasi hapo chini. Nilimwona mwezi wa tisa akibeba majani kwa mkia, akaingia nayo ukingoni."

Lindsay akachungulia. "Tundu limezibwa udongo. Huyo kashahama zamani."

"Kaziba mwenyewe. Akitoka kula anaziba, akirudi anaziba. Watoto wamo."

Hilo kila mtu wa kijito hiki analijua, ila hulisahau katapila likishawashwa. Platipasi ana manyoya na mdomo wa bata, lakini hutaga, akayakumbatia mayai kwa mkia. Watoto huanguliwa uchi na vipofu, wadogo kama maharage. Mama hana chuchu. Maziwa humtoka tumboni kama jasho, nao huyalamba gizani miezi mitatu, minne, mpaka waote manyoya. Kuwahamisha hakuwezekani.

"Mafuriko yakija utalia na malisho yako," Lindsay akasema.

"Najua."

"Kwa ajili ya vinyama ambavyo hata havikujui!"

"Kwani ng'ombe wako wanakujua? Kula skonzi, bwana, zinapoa."

Katapila likaenda kwa mwingine. Mimi nilikasirika, nilikuwa nimeacha kazi zangu siku nzima.

Mwezi wa pili Nerida aliniita asubuhi mapema. Vitoto viwili vilikuwa vikizamia na kuibuka karibu na mizizi, vinene, vimeng'aa kwa maji.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha mfululizo. Kijito kikapanda, kikauzunguka mwilo, kikaung'oa pamoja na ukingo na tundu lake, kikala karibu malisho yote ya bondeni. Tulisimama pale tukitazama matope yakipita. Nilimwonea Nerida uchungu mwingi.

"Pole, dada," Lindsay akasema, kofia mkononi.

"Walikuwa wameshatoka," akajibu Nerida.

Kisha akaenda zizini kuchagua ng'ombe wa kuuza. Safari hii aliwasindikiza mpaka kwenye lori.